Kikomo cha Kusema

Shemeji yangu ni fundi wa redio koli, zile simu za upepo ambazo zamani ungeziona kwa walinzi na madereva wa teksi, na tangu nimjue sijamwona akitupa kitu chenye waya. Ukimletea pasi iliyoungua atakushukuru. Dada yangu, ambaye ni mkewe, alikuwa akisema kwamba siku atakayokufa mumewe hatamzika kabla ya kumfungua kwanza aone kama hakuna cha kubadilisha. Nasema alikuwa akisema, kwa sababu habari hii ni ya wakati dada aliponyamaza.

Nilihamia kwao alipopata kiharusi. Mguu ulirudi, mkono mmoja ukarudi nusu, ulimi ndio uliobaki nyuma. Si kwamba hakuweza kusema kabisa. Maneno yalikuwemo, ila yalichukua muda kufika mdomoni, na yakifika yalitoka mazito. Mtaalamu wa mazoezi ya kusema alituambia tumpe nafasi, tusimkamilishie sentensi. Ni rahisi kushauri. Simu ikipigwa, mtu wa upande wa pili alikuwa akisema haloo, haloo, upo, halafu anakata. Majirani walikuja kumjulia hali, wakamkata kauli kila alipofungua mdomo, wakaondoka wakisifu kwamba amechangamka. Mwishowe dada akaona isiwe taabu. Akawa anaitikia kwa kichwa, ndiyo na hapana, basi.

Mtu mwingine angeizoea hali hiyo. Kwa dada lilikuwa jambo zito zaidi, maana sauti ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alikuwa mwita magari wa kampuni ya teksi, katika kichumba chenye dirisha moja, kipaza sauti mbele yake na ramani ya mji ukutani. Madereva walimwita Kituo. Alikuwa akijua kwa pumzi tu kama dereva ana abiria au ameegesha mahali analala, na hakuna aliyethubutu kumdanganya. Shemeji ndiye aliyekuwa fundi wa redio za kampuni hiyo. Walijuana pale kipaza sauti cha Kituo kilipoanza kukoroma. Shemeji akakitengeneza. Kesho yake kikakoroma tena, akarudi, na kesho kutwa vilevile, mpaka bosi akauliza ni kipaza sauti gani hiki kisichopona. Mpaka leo shemeji anakula kiapo kwamba ubovu ulikuwa wa kweli.

Jioni, kabla ya kufunga kazi, Kituo alikuwa akiyaita magari moja moja kuhakikisha yote yamerudi yadi. Akimaliza magari alibaki na wito mmoja wa mwisho, kwa mtu aliyekuwa karakana ya nyuma na ambaye bila kuitwa angelala humo na bisibisi mkononi. Fundi, funga, twende nyumbani. Madereva wote walikuwa wakiusikia wito huo, na ndivyo walivyojua kwamba hawa wawili wameoana kabla hata hawajatangaza.

Sasa basi. Dada aliponyamaza, shemeji naye alihamia banda la uani. Alikula nasi, akamsaidia mkewe kutembea mpaka barazani na kurudi, halafu huyo, akapotelea kwenye banda lake. Taa ya huko ilikuwa inawaka kila jioni na dada alikuwa akiitazama kupitia dirishani. Mimi hasira zangu ziko karibu, sikai na neno kifuani. Nilimfuata nikamwambia kwamba mkewe hajafa, na kwamba kama anaukimbia ukimya wa ndani aseme tu, tujue moja.

Hakunijibu kwa ukali. Alinionyesha kreti la plastiki lililojaa redio za mkononi. Kampuni ilikuwa imefungwa, madereva wamehamia kwenye simu, na redio zao zilikuwa ziende kwa wauza vyuma chakavu kama si yeye. Alikuwa anazipanga upya, zitoke kwenye masafa ya kampuni ziingie kwenye yale ya watu wa redio ya ridhaa, yaani wale wanaozungumza hewani kwa mapenzi yao tu, bila biashara. Yeye ni mmoja wao tangu ujana. Jambo nililolisahau ni kwamba hata dada ana leseni ya redio hiyo. Walifanya mtihani pamoja, dada akampita kwa alama, na habari hiyo haizungumzwi mezani. Baada ya hapo hakuigusa tena. Alisema ameshinda kutwa akiongea na madereva, kwa nini jioni akaongee na madaktari wa meno? Kweli, kiongozi wa kikao chao cha hewani cha Jumapili ni daktari wa meno. Lakini kila leseni ya dada ilipokaribia kuisha shemeji alikuwa akienda kimyakimya kuihuisha pamoja na yake.

Nilimwuliza redio itamsaidia nini mtu ambaye hata simu hataki kuishika.

"Shemeji," akaniambia, "hewani kila mtu huambiwa rudia. Mwenye redio nzuri huambiwa, mwenye mbovu huambiwa. Hakuna anayejua kama tatizo ni ulimi au ni mawimbi."

Nikavuta kigoda nikakaa.

Kazi yenyewe nilidhani ni ya kubonyeza vitufe viwili vitatu. Kumbe redio hizi zimetengenezwa kwa ajili ya makampuni, na mpaka wa masafa yake uko juu kidogo ya pale walipopewa watu wa ridhaa. Programu inayozipanga ni ya zamani, haikubali kompyuta nyingine ila lile la shemeji, nene, la rangi ya meno ya mvuta sigara. Ukiandika namba iliyo chini ya mpaka, inalia na kukurudishia namba ya awali. Lakini mafundi wana ujanja wao. Unabana kitufe cha herufi kubwa huku ukiandika namba, na kompyuta linajifanya hamnazo, linapitisha. Baada ya hapo unafungua redio yenyewe, unazungusha skrubu moja ndogo kwa bisibisi ya plastiki, taratibu, mpaka iache kupiga mluzi na ikubali makao mapya. Shemeji alikuwa akishika pumzi kwenye skrubu hiyo. Nami nikajikuta nashika yangu.

Ila kabla ya kuandika chochote, lazima kwanza usome. Hiyo ndiyo desturi yao, na hawana mzaha nayo. Unavuta habari yote iliyomo ndani ya redio, unaihifadhi, unabadilisha unachotaka, kilichobaki unakiacha kama kilivyo, halafu unairudisha. Asiyesoma kwanza hubaki na jiwe. Shemeji alikuwa nalo jiwe moja la namna hiyo tangu ujana wake, redio nzuri kabisa kwa macho, kazi yake kuzuia mlango wa banda usijifunge kwa upepo.

Redio ya dada aliichagua kwa makini. Aliisugua, akaitafutia betri yenye uhai, akaandika kwenye kioo chake jina la hewani la dada, zile herufi na namba zilizo kwenye leseni. Kisha akafanya jambo ambalo hakuniambia, nililiona tu. Tangu augue, dada alikuwa anashtuka kwa mlio wowote wa ghafla, hata birika likianza kulia anaruka. Shemeji akapitia redio ile mlio mmoja mmoja, mlio wa kuwaka, wa betri kwisha, wa onyo, akainyamazisha yote. Alifanya hivyo polepole, na midomo yake ilikuwa inatikisika. Nilimpenda sana shemeji yangu saa ile, na sikumwambia.

Siku ya kujaribu alimketisha dada kwenye kochi la sebuleni, akamwekea redio mapajani, akarudi bandani. Redio mbili zikikaa chumba kimoja hupigiana mayowe, kwa hiyo ilibidi awe mbali. Hivyo ndivyo alivyosema, na ni kweli, ingawa niliona pia kwamba alikuwa na haraka ya kuondoka. Mimi nilibaki na dada. Redio ikakohoa, na sauti ya shemeji ikaingia sebuleni. Akataja jina lake la hewani na la dada, herufi moja moja kama sheria inavyotaka, kisha akaita kwa jina la zamani, Kituo, Kituo, ukinisoma nijibu, ova.

Dada aliitazama redio kwa muda. Halafu akafanya kitu ambacho sikukitarajia: akanyoosha mgongo. Akaishika kwa mkono wake mzima, akaisogeza karibu na shavu, akabana kitufe. Nikaona ni yeye yule wa kichumba cha dirisha moja. Mdomo ukaanza kutafuta. Nilijua asingependa nimsaidie, nikauma ulimi. Kengele ya baiskeli ikapita barabarani. Chai ikatanda ngozi juu. Shingo ya dada ilikuwa imekaza, jasho limetokeza juu ya mdomo, na bado amebana. Kisha maneno yakatoka. Yalikuwa machache, mazito, lakini yametimia, nami niliyasikia kwa masikio yangu haya. Akaachia kitufe, akanitazama, na uso wake wote ulikuwa umefunguka.

Sauti ya shemeji ikarudi, ya upole kupita kiasi.

"Kituo, nimesikia umebana, halafu ukaachia. Si neno. Usijilazimishe, tutajaribu siku nyingine. Ova."

Dada aliiweka redio kwenye kochi, kioo kikitazama chini. Akageukia ukuta. Nadhani tangu siku ya hospitali sikuwahi kumwona amekata tamaa kiasi kile.

Nilitoka mbio uani, kandambili moja mguuni, nyingine sijui iliishia wapi. Nilimwuliza shemeji kama amekuwa kiziwi au ana kichaa, mtu ametoa jasho amekwambia maneno mazima nawe unamwambia si neno. Aliniangalia mdomo wazi. Akaapa kwamba alichosikia ni pumzi tu, pumzi ya mkewe kwa kitambo, halafu ukimya, halafu redio ikarudia kuvuma tupu. Ilipomwingia akilini kwamba dada amesema, alishika ukingo wa meza. Akaniuliza amesema nini.

"Siyo maneno yangu," nikamwambia. "Nenda kamwulize mwenyewe."

Ukweli ni kwamba nilitaka tu aingie ndani. Akaingia.

Alichuchumaa mbele ya kochi. Akamwambia mkewe kwamba hakusikia, kwamba hajui kwa nini, na kwamba angetoa masikio yake yote mawili kuyapata maneno hayo. Akamwomba arudie pale pale, ana kwa ana, bila redio. Dada akatikisa kichwa. Si kwa hasira. Alimtazama mumewe kwa macho ya mtu anayesubiri mwingine akumbuke jambo. Shemeji hakukumbuka. Basi dada akaichukua redio, akaigeuza ili ule upande wa juu, penye antena, umwelekee mumewe. Kando ya antena pana taa nyekundu, ndogo, ya kuonyesha kwamba redio inarusha sauti. Ukiishika redio karibu na shavu huioni. Dada akabana kitufe. Taa ikawaka. Akaendelea kubana, nasi tukaendelea kutazama, sote watatu. Kisha taa ikazimika. Kidole cha dada kilikuwa bado kimebana, mpaka ukucha umebadilika rangi.

Akainua nyusi.

Shemeji alikaa sakafuni kwa makalio. Kikomo, akasema, nimesahau kikomo. Ikabidi mimi nielezwe. Redio za kampuni huwekewa kikomo cha kusema. Ukibana kitufe kupita muda uliopangwa, redio inatoa mlio wa onyo kisha inajifunga yenyewe, useme usiseme hakuna anayekusikia. Mlio wa onyo shemeji aliuzima kwa mapenzi, ili dada asishtuke. Kikomo chenyewe kilikuwa kimetulia ndani ya zile habari za kampuni alizozisoma na kuziacha kama zilivyo. Alibadilisha masafa, akabadilisha majina, lakini hilo hakulifikiria. Dada alipokuwa bado anayatafuta maneno, redio ilikuwa imeshafunga mlango, naye akayasema kwa mlango uliofungwa.

Na nani aliyetaka kikomo kiwepo? Hapo ndipo shemeji aliponyanyua kichwa akamtazama mkewe. Zamani madereva walikuwa wanapiga soga kwenye redio mpaka wateja wanakosa magari. Mmoja wao, tunayemwita Breki kwa sababu hakuwa nazo, alikuwa akisimulia mechi nzima ya mpira tangu filimbi ya kwanza. Kituo akaenda kwa bosi akagonga meza. Fundi akaagizwa aweke kikomo kwenye kila redio, na Kituo alipoulizwa kiwe kifupi kiasi gani, alisema kifupi kuliko vyote vilivyopo.

"Ni wewe," shemeji akamwambia. "Ni wewe uliyesema niwabane."

Mabega ya dada yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikasogea. Kumbe anacheka. Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, kwanza bila sauti, halafu sauti ikaja, nzito, ya ajabu, na bado ni kicheko chake kilekile. Shemeji akaegemeza paji la uso kwenye goti la mkewe, naye akacheka huku machozi yanamtoka. Mimi sipendi kulia mbele ya shemeji. Nikachukua chai nikaenda kuipasha moto.

Ungedhani baada ya hapo mtu angetulia na mkewe. Shemeji yangu huyu? Usiku uleule alikwisha kukiondoa kikomo kwenye redio ya dada, kesho yake akaanza kuzirudia zote za kwenye kreti, maana sasa hakuamini hata moja. Moja alikuwa amekwisha kumpa Breki, ambaye uzeeni amepata leseni na watu wa kuwasimulia mpira. Akamfuata kwake, akairudisha bandani, akaisoma, akaiandika. Wiki nzima taa ya bandani iliwaka na dada aliitazama kupitia dirishani. Kumjaribisha mkewe tena hakutaka. Alisema asisumbuliwe, asubiriwe mpaka Jumapili, aitwe kama wanavyoitwa wengine. Mimi nilijua dada anataka kusema nini, na nilijua kwamba halihitaji Jumapili wala antena. Lakini nilikuwa nimeshasema kwamba maneno si yangu, nikajikaza.

Jumapili alasiri daktari wa meno akafungua kikao. Shemeji yuko bandani, dada na mimi kwenye kochi. Daktari ana sauti ya mtu aliyezoea kuongea na watu wasioweza kujibu. Akaita vituo kimoja baada ya kingine, kila mmoja akasalimia, akataja hali ya hewa na hali ya antena yake. Breki alipopewa nafasi akaanza na bao la dakika za mwisho, na daktari akamkatiza kwa adabu. Shemeji alikuwa amewaomba watu wa kikao jambo moja tu: wakisikia chaneli imebanwa na kimya, mtu asiingie.

Kisha daktari akaita jina la hewani la dada. Akalitaja polepole, akasema karibu, akasema ova.

Dada akanyoosha mgongo. Safari hii mimi nilikaa nyuma ya kiwiko chake, taa ya redio ikiwa upande wangu. Akabana, nikaiona ikiwaka. Mdomo ukaanza kutafuta. Nilifikiria watu wale wote, majikoni mwao, kwenye magereji, mwingine labda garini pembeni ya barabara, wanasikiliza pumzi ya mwanamke wasiyemwona, na hakuna anayesema haloo, haloo, upo. Hakuna aliyemmalizia neno. Taa ikaendelea kuwaka. Nilikuwa naiombea kimoyomoyo.

Akaanza na jina lake. Alilisema herufi moja moja, namna aliyowafundisha madereva, na kila herufi alikwenda kuichukua mbali, lakini hakuruka hata moja. Akapumzika. Taa bado.

"Fundi," akasema. "Funga. Rudi ndani."

Akaachia kitufe.

Redio ikavuma kidogo, kisha daktari akaingia. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Akasema Kituo, nakusoma vizuri kabisa, hakuna cha kurudia. Akasema Fundi, ujumbe ni wako, umeupokea, ova. Hakujibiwa. Akauliza tena. Breki naye akaingia bila kukaribishwa, akamwambia Fundi ajibu, sisi wote tumesikia.

Dirishani nilimwona shemeji akitoka bandani. Alikuwa bado amevaa vile vya masikioni, waya wake unaburuzika nyuma yake uani, na mlango ameuacha wazi na lile jiwe lake. Hakukimbia. Alivuka uwanja akitazama chini, akapanda kizingiti, akasimama mbele ya dada. Dada akanyoosha mkono wake mzima, akamvuta kwenye kochi.

Daktari akaita tena, Fundi, Fundi, umeupokea? Mkono wa kubana kitufe ulikuwa na kazi nyingine. Redio ilikuwa imeteleza mapajani mwangu, inaita, na mimi sina leseni. Nikawaacha waite.